Jinsi ya Kupima Ala ya Neva ya Kuona kwa Ultrasaundi Ili Kutambua Shinikizo Kubwa Ndani ya Fuvu

Fuvu la mtu mzima ni mfupa usiotanuka, na ndani yake mna vitu vitatu tu: ubongo wenyewe, ambao huchukua takribani asilimia 80 ya nafasi yote, damu iliyomo mishipani, na maji yanayouzunguka ubongo na kuteremka hadi kwenye uti wa mgongo. Alexander Monro wa Edinburgh alilieleza jambo hili mwaka 1783, na George Kellie akalitilia nguvu mwaka 1824: kimoja kikiongezeka, vingine havina budi kupungua, na visipoweza kupungua tena, shinikizo hupanda. Ndivyo inavyokuwa kwa mgonjwa aliyevuja damu kichwani baada ya ajali, mwenye uvimbe wa ubongo, mwenye kiharusi kikubwa, mwenye homa ya uti wa mgongo, au yule ambaye maji ya ubongo wake yamezibiwa njia.

Kwa kawaida shinikizo la ndani ya fuvu la mtu mzima aliyelala huwa kati ya milimita 7 na 15 za zebaki. Likipita 20 na kubaki huko, ubongo huanza kukosa damu, kwa kuwa nguvu inayosukuma damu kuingia ubongoni ni wastani wa shinikizo la damu ukitoa shinikizo la fuvu. Mgonjwa ambaye wastani wa shinikizo lake la damu ni 80, huku shinikizo la fuvu likiwa 30, analisha ubongo wake kwa nguvu ya 50 tu, ilhali wataalamu wa majeraha ya kichwa hulenga kati ya 60 na 70. Kipimo cha uhakika cha shinikizo hili ni mrija au kihisio kinachoingizwa ndani ya fuvu kupitia tundu linalotobolewa kwenye mfupa, kazi inayohitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, vifaa maalumu na mgonjwa ambaye damu yake inaganda vizuri. Mahali pengi mambo hayo matatu hayakutani katika saa ambayo mgonjwa anayahitaji. Mashine ya ultrasaundi, hata hivyo, mara nyingi ipo, na kwa kupima upana wa ala, yaani kifuniko cha neva ya kuona nyuma ya jicho, inaweza kuonyesha dalili ya shinikizo hilo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari, tabibu au muuguzi ambaye amekwisha kushika probu ya ultrasaundi, yaani kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea mawimbi, kwa kazi nyingine, na sasa anataka kujifunza kipimo hiki cha ala kwa utaratibu unaoaminika. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya vitendo chini ya mtu anayekijua, kwa sababu kipimo chenyewe kinategemea tofauti ya nusu milimita, na tofauti ndogo kiasi hicho hujifunzwa kwa mkono na jicho.

Ala ni nini, na kwa nini inatanuka

Neva ya kuona ni sehemu ya ubongo iliyochomoza nje ya fuvu hadi nyuma ya tufe la jicho. Kwa kuwa ni sehemu ya ubongo, imefunikwa na tando zilezile tatu zinazoufunika ubongo, na kati ya tando hizo mna maji yaleyale yanayozunguka ndani ya fuvu. Tando hizo kwa pamoja ndizo ala ya neva. Shinikizo la fuvu linapopanda, maji husukumwa kuingia katika ala, nayo hutanuka, hasa katika sehemu yake ya mbele karibu na jicho, ambako utando wa nje ni mlegevu zaidi kuliko sehemu za nyuma. Hans-Christian Hansen na Knut Helmke wa Ujerumani walilionyesha jambo hili katika kazi yao ya mwaka 1997, walipowatazama wagonjwa kwa ultrasaundi wakati maji yakiingizwa katika uti wa mgongo: shinikizo lilipoongezeka, ala ilitanuka.

Jambo lenye thamani kubwa hapa ni muda. Uvimbe wa kichwa cha neva, ule ambao daktari huutafuta kwa kumulika ndani ya jicho, huchukua saa nyingi na mara nyingi siku kadhaa kuonekana. Ala huanza kutanuka ndani ya dakika. Kwa hiyo mgonjwa wa ajali aliyefikishwa ndani ya saa ya kwanza anaweza kuwa na kichwa cha neva kisicho na dosari yoyote machoni pa mpimaji, na papo hapo akawa na ala iliyojaa maji.

Hatua ya kwanza: hakikisha jicho linaruhusu kupimwa

Kabla ya kufungua chupa ya jeli, tazama jicho. Ikiwa kuna uwezekano wowote kwamba tufe la jicho limepasuka, kwa mfano mboni imepoteza umbo lake la duara, jicho limenywea, kitu kimechoma na kubaki ndani, au kuna jeraha lililopita katika kope hadi kwenye jicho, usiweke probu juu ya jicho hilo. Mgandamizo mdogo tu unaweza kutoa nje vilivyomo ndani, na mgonjwa akapoteza jicho ambalo lingeweza kuokolewa. Pima jicho la pili, au acha kabisa.

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni naye hapimwi bila ushauri wa daktari wa macho. Lenzi za kuvaa zitolewe. Ikiwa mgonjwa au ndugu zake wanajua kwamba ana glakoma, ugonjwa wa tezi ya thairoidi uliomtokeza macho, au alishawahi kuwa na uvimbe katika neva ya kuona, andika jambo hilo mapema, kwa sababu litabadilisha namna utakavyosoma namba baadaye.

Hatua ya pili: andaa mashine kwa ajili ya jicho

Tumia probu ya uso ulionyooka, ile inayotumika kutazama mishipa ya damu na tezi za shingoni, yenye masafa ya megahezi 7.5 au zaidi. Probu iliyopinda ya tumboni haifai kwa kazi hii, kwa kuwa haina uwezo wa kutenganisha mistari myembamba inayopakana. Weka kina cha picha katika sentimita 4 hadi 5, na mahali pa mkazo wa mawimbi pawe nyuma kidogo ya jicho, si katikati yake.

Kisha chagua mpangilio wa macho katika mashine. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, nami nasisitiza isirukwe. Jicho ni kiungo chepesi kudhuriwa na joto, na lenzi iliyo ndani yake haina damu ya kuipoza. Mamlaka ya Marekani inayodhibiti chakula na dawa, FDA, imeweka kikomo maalumu kwa ultrasaundi ya jicho: kielelezo cha mgandamizo wa mawimbi, kinachoandikwa MI kwenye skrini, kisizidi 0.23, na kielelezo cha joto, kinachoandikwa TI, kisizidi 1.0. Mpangilio wa kawaida wa tumbo au wa mishipa unaweza kuvuka viwango hivyo bila mpimaji kutambua. Ikiwa mashine yako haina mpangilio wa macho, punguza nguvu ya mawimbi kwa mkono mpaka namba hizo mbili zishuke, na ukishindwa kuzishusha, usiitumie mashine hiyo kwenye jicho.

Hatua ya tatu: mlaze mgonjwa na umweleze

Mgonjwa alale chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa nyuzi 20 hadi 30, shingo ikiwa imenyooka bila kugeuka upande wowote. Kichwa kilichogeuzwa sana hubana mishipa ya shingo inayorudisha damu kutoka kichwani, na hilo peke yake linaweza kupandisha shinikizo unalotaka kulipima. Aliyefungwa kola ya shingo abaki nayo, lakini hakikisha haijambana kupita kiasi.

Mgonjwa mwenye fahamu anastahili kuambiwa kinachokuja. Maneno machache yanatosha: "Mzee, nitakupaka jeli ya baridi juu ya kope na kuweka kifaa hiki juu yake kwa muda mfupi. Hakiumizi. Fumba macho taratibu bila kuyabana, kisha tazama mbele kana kwamba unaangalia dari." Agizo la kutazama mbele lina kazi yake, kwani jicho linapozunguka, neva nayo hujikunja na kubadilisha uelekeo nyuma yake. Kwa mgonjwa asiye na fahamu, shusha kope kwa kidole na uhakikishe limefunika jicho lote.

Subiri mgonjwa atulie. Anayekohoa, anayekamuliwa makohozi kwa mrija, anayelia kwa maumivu au anayepigana na mashine ya kupumulia atakuwa na shinikizo lililopanda kwa sababu hizo, na kipimo chako kitaeleza dakika hiyo badala ya kueleza ugonjwa wake.

Hatua ya nne: jeli nyingi, mkono mwepesi

Weka jeli kwa wingi juu ya kope la juu lililofumbwa, rundo linaloonekana, si tabaka jembamba. Wapo wanaobandika kwanza karatasi ya plastiki nyembamba inayong'aa juu ya kope ili jeli isiingie machoni. Ni utaratibu mzuri, mradi hakuna mapovu ya hewa yaliyonaswa chini yake, kwa maana hewa hukata mawimbi na kuacha kiza katika picha. Kope likiwa na michubuko, tumia jeli safi ya pakiti isiyo na vijidudu.

Egemeza kiganja au kidole kidogo cha mkono ulioshika probu juu ya mfupa wa paji la uso au wa pua, ili uzito wa mkono ubebwe na mfupa na probu ielee juu ya jeli. Unaweza kujihakikishia kwa kutazama skrini: juu kabisa ya picha, kati ya uso wa probu na kope, panapaswa kuonekana mkanda mweusi wa jeli. Mkanda huo ukitoweka, ujue unagandamiza jicho. Mgandamizo huharibu umbo la tufe, humuumiza mgonjwa, na unaweza kuamsha mwitiko wa neva unaopunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mgonjwa aliyeunganishwa na kifaa cha kufuatilia moyo atazamwe mapigo yake muda wote wa kipimo.

Hatua ya tano: tafuta picha kabla ya kutafuta namba

Hapa ndipo kipimo kinapofaulu au kuharibika, na hapa ndipo pa kutumia muda.

Weka probu kwa upana juu ya kope, ikielekea upande wa nje wa jicho, yaani upande wa sikio, kisha iinamishe kidogo kuelekea ndani na chini. Sababu ni mbili. Neva haitoki katikati kabisa ya sehemu ya nyuma ya jicho bali upande wa pua, na pia mawimbi yanayopita pembeni mwa lenzi hayadhoofishwi kama yale yanayoivuka.

Kuanzia juu ya skrini utaona kope, kisha mstari mwembamba uliopinda wa uso wa mbele wa jicho, kisha lenzi na pazia la mboni, na baada ya hapo uwanja mpana mweusi usio na kitu, ambao ni ute unaojaza tufe. Nyuma yake kuna upinde unaong'aa wa retina na ukuta wa jicho. Chini ya upinde huo, mkanda wenye giza unashuka ukiingia kina zaidi. Huo ndio neva. Pembeni mwake, kila upande, fuata mistari ya ala, na nje ya ala ni mafuta ya tundu la jicho, ambayo hung'aa kwa weupe wenye chengachenga. Sogeza probu kwa kuiinamisha kidogo sana, kiasi cha nyuzi chache tu, mpaka kingo za neva na ala zote mbili, kushoto na kulia, zionekane kwa pamoja, huku mpaka kati ya retina na neva ukiwa mkali, si wa ukungu.

Punguza mwangaza wa picha kuliko ulivyozoea. Picha yenye mwangaza mwingi hupendeza machoni, lakini weupe wa mafuta humwagikia ndani ya ala na kuifanya ionekane nyembamba kuliko ilivyo.

Kosa ambalo huwapoteza wengi ni kupima kivuli wakidhani wanapima neva. Ukuta wa nyuma wa jicho, hasa mahali neva inapopenya, huzuia sehemu ya mawimbi na kuacha ukanda mweusi nyuma yake. Kingo za lenzi nazo hutupa vivuli vyake. Kivuli hunyooka moja kwa moja kufuata njia ya mawimbi kutoka kwenye probu, kingo zake ni kali bila ukuta wowote, na ndani yake hamna chochote. Unapoinamisha probu, kivuli huhama pamoja nawe. Neva halisi ina kuta, ina kijivu hafifu ndani yake, mara nyingi hujipinda kidogo, na hukaa mahali pake katika tundu la jicho hata unapobadilisha pembe. Ukiwa na shaka, washa rangi ya mtiririko wa damu kwa nguvu ndogo na kwa sekunde chache tu. Ateri na vena ya kati ya retina hupita ndani ya neva katika sehemu hii ya mbele, na rangi yake ikionekana katikati ya mkanda wenye giza, ujue umeipata neva na umeikata katika mhimili wake. Zima rangi mara moja, kwani hutumia nishati nyingi kuliko picha ya kawaida.

Usipoipata picha nzuri ndani ya dakika moja au mbili, pumzisha jicho hilo na uhamie la pili. Ni afadhali kuandika kwamba kipimo hakikuwezekana kuliko kuandika namba iliyotolewa katika picha mbovu, kwa sababu namba ikishaingia katika faili la mgonjwa, hakuna anayeisoma atakayejua ubovu wa picha iliyoizaa.

Hatua ya sita: pima

Gandisha picha na uikuze. Weka alama ya kwanza mahali retina inapokutana na neva, kisha shuka milimita 3 kwa kufuata mhimili wa neva. Ikiwa neva imelala mshazari, mstari wako nao ulale mshazari. Katika kina hicho cha milimita 3, chora mstari wa pili unaokata neva kwa pembe ya nyuzi 90, kutoka ukingo mmoja wa ala hadi ukingo wa pili. Urefu wa mstari huo wa pili ndio kipenyo cha ala.

Swali la ukingo upi si dogo. Kuna wanaopima kutoka upande wa ndani wa utando mgumu wa nje, yaani upana wa maji na neva peke yake, na kuna wanaojumuisha unene wa utando wenyewe. Njia hizi mbili zinaweza kutofautiana kwa sehemu kadhaa za kumi za milimita, jambo linalotosha kumhamisha mgonjwa kutoka upande mmoja wa uamuzi hadi mwingine. Makubaliano ya karibuni yanaelekea kwenye upande wa ndani, nami naona ndiyo njia inayoeleza vizuri zaidi kinachotafutwa, yaani maji. Lililo muhimu zaidi ni idara nzima kutumia ukingo mmoja na kuuandika.

Pima kila jicho angalau mara mbili. Baada ya picha ya kwanza ya upana, geuza probu nyuzi 90 upate picha ya wima, na upime upya kwa utaratibu uleule. Usipime mara mbili katika picha moja iliyogandishwa, kwani kosa la picha hiyo litajirudia. Kisha tafuta wastani. Tuseme jicho la kulia limetoa milimita 5.8 na 6.0, na la kushoto 6.1 na 5.9: wastani wa kulia ni 5.9, wa kushoto 6.0, na wa macho yote mawili ni 5.95. Vipimo viwili vya jicho moja vikipishana kwa zaidi ya milimita 0.5, rudi kwenye picha kabla ya kurudi kwenye hesabu.

Ukiwa bado na picha nzuri, tazama pia kichwa cha neva pale kinapoingia ndani ya tufe. Kwa kawaida kinalingana na retina au kimebonyea kidogo. Kikiinuka kuingia katika uwanja mweusi wa ute kwa zaidi ya milimita 0.6, kuna uwezekano wa uvimbe wa kichwa cha neva, dalili kwamba shinikizo limekuwapo kwa muda mrefu zaidi ya leo. Angalia usidanganywe na vijiwe vya chokaa vilivyojificha katika kichwa cha neva cha baadhi ya watu wazima wenye afya. Hivyo huonekana kama nukta nyeupe kali zinazobaki hata mwangaza wa picha unapopunguzwa sana, na huacha kivuli nyuma yake.

Hatua ya saba: soma namba kwa akili

Kwa mtu mzima, ala isiyofikia milimita 5.0 hupunguza uwezekano wa shinikizo kubwa. Ala inayozidi milimita 6.0 hutia shaka kubwa. Katikati ya viwango hivyo kuna eneo la kijivu, na tafiti mbalimbali zimeweka mpaka wake mahali tofauti ndani ya eneo hilo, kutegemea wagonjwa waliopimwa na ukingo uliotumika. Kwa watoto, viwango vinavyotajwa mara kwa mara ni milimita 4.0 kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, na 4.5 kwa mtoto aliyepita hapo. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake bado uko wazi, gusa utosi kwanza: ukiwa umejaa na kukaza mtoto akiwa ametulia na kukaa wima, tayari umepata habari ambayo ultrasaundi ingekuja kuithibitisha tu.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, ukiunganisha tafiti 6 zenye wagonjwa 231 waliopimwa pia kwa vihisio vya ndani ya fuvu, ulikuta kwamba kipimo hiki kiliwatambua takribani asilimia 90 ya wenye shinikizo kubwa, na kiliwaondolea shaka takribani asilimia 85 ya wasio nalo. Ni matokeo mazuri kwa kifaa kisichotoboa mfupa. Lakini yasome kwa upande wa pili pia: kati ya wagonjwa 100 wenye shinikizo kubwa kweli, karibu 10 wataonekana na ala ya kawaida. Kwa hiyo ala nyembamba haimrudishi nyumbani mgonjwa anayetapika, ambaye kichwa kinamuuma kupita kiasi na fahamu zake zinapungua. Ala pana humharakisha mgonjwa, lakini ala ya kawaida haina mamlaka ya kumchelewesha.

Kuna magonjwa yanayoipanua ala ilhali shinikizo la fuvu halijapanda: uvimbe wa neva ya kuona wa kinga au wa maambukizi, uvimbe ndani ya tundu la jicho, macho yaliyotokezwa na ugonjwa wa thairoidi, na majeraha ya tundu la jicho. Haya mara nyingi hugusa jicho moja kuliko lingine, na ndiyo sababu nyingine ya kupima yote mawili. Shinikizo la fuvu lililopanda kwa kawaida hupanua ala za pande zote mbili, kwa hiyo mgonjwa mwenye milimita 6.3 upande mmoja na 4.7 upande wa pili anahitaji kutafutiwa maelezo katika jicho lenyewe kwanza. Vilevile, ala iliyokaa imetanuka kwa muda mrefu inaweza kuchelewa kunywea hata baada ya shinikizo kushuka, hivyo kipimo kimoja baada ya matibabu kinaweza kuonyesha hali mbaya kuliko ilivyo.

Ultrasaundi hii haitoi shinikizo kwa milimita za zebaki. Anayegeuza milimita 5.9 za ala kuwa "shinikizo la 24" anaandika kitu ambacho kipimo hakijakisema.

Hatua ya nane: tenda

Ala ikiwa pana, na mgonjwa ana dalili zinazolingana nayo, usingoje kipimo cha tatu. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, nyoosha shingo, legeza chochote kinachobana shingo, hakikisha anapata oksijeni ya kutosha na shinikizo la damu halishuki, tuliza maumivu na homa, na epuka maji ya mshipani yenye chumvi kidogo, kwani huongeza uvimbe wa ubongo. Angalia mboni zake. Mboni moja iliyopanuka na kuacha kuitikia mwanga, au shinikizo la damu linalopanda huku mapigo ya moyo yakipungua na pumzi ikienda ovyo, ni dalili za ubongo unaosukumwa kutoka mahali pake. Hapo manitoli, dawa ya mshipani inayovuta maji kutoka ubongoni, kwa kiwango cha gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo ya mwili, au maji ya chumvi yenye mkoleo mkubwa, hutolewa kwa agizo la daktari huku maandalizi ya picha ya CT na ya rufaa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo yakiendelea kwa pamoja, si kwa kufuatana.

Chanzo cha shinikizo nacho huamua tiba. Mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokokasi huwa na shinikizo kubwa mno, na tiba yake ni kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, tena mara kwa mara, wala si manitoli. Lakini mgonjwa mwenye dalili za uvimbe au damu upande mmoja wa ubongo, mwenye degedege jipya au fahamu zilizoshuka sana, asichomwe sindano ya mgongo kabla ya picha ya kichwa, kwa kuwa kuondoa maji kwa chini kunaweza kuuvuta ubongo kuteremka. Ala pana peke yake haitofautishi wagonjwa hawa wawili. Inasema tu kwamba kuna shinikizo, na kazi ya kutafuta linatoka wapi inabaki kwa mpimaji, kwa historia aliyoisikiliza na mwili alioupima.

Hatua ya tisa: andika, na urudie

Safisha kope kwa kitambaa laini ukielekea nje ya jicho, kisha safisha probu kwa dawa inayoruhusiwa na mtengenezaji wake kabla ya mgonjwa mwingine.

Mabadiliko kwa mgonjwa yuleyule, akipimwa na mtu yuleyule kwa njia ileile, mara nyingi yana maana kuliko namba moja iliyosimama peke yake. Ala iliyokuwa milimita 5.1 asubuhi na kuwa 5.8 jioni inastahili kumwamsha daktari wa zamu hata kama haijafika 6.0. Kwa mgonjwa aliye mahututi, rudia kipimo kila hali yake inapobadilika na baada ya kila tiba inayolenga shinikizo, na kila mara andika saa, mkao wa kichwa, ukingo uliotumika, kina cha milimita 3, vipimo vyote vinne pamoja na wastani wake, shinikizo la damu wakati huo, kiwango cha fahamu, na kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, kiwango cha kabonidaioksaidi, kwa kuwa gesi hiyo inapopanda hupanua mishipa ya ubongo na kuongeza shinikizo. Hifadhi picha zenyewe zikiwa na alama za kupimia, na mgonjwa anapopewa rufaa, picha ziende pamoja naye, ili daktari atakayempokea aone mstari ulichorwa wapi na aweze kuchora wa kwake mahali palepale.